Kukaa mezani kutwa bila kuua shingo na mgongo: anza na pumzi kabla hujanunua kiti

Shingo yangu ilianza kugoma taratibu. Mwanzo nilisingizia mto, nikabadilisha mto, nikabadilisha mpaka upande wa kulala, wapi. Ikafika mahali mtu akiniita kwa nyuma nageuka na kiti kizima kama roboti, na ikifika jioni kuna kitu kinavuta kuanzia nyuma ya sikio mpaka begani kama kamba iliyokazwa. Nikaenda kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, mama mmoja mtu mzima hivi, nikategemea atanikamua shingo nipige kelele kidogo nitoke mzima. Wala hakunigusa. Akavuta stuli akaniambia kaa kama unavyokaaga kazini, nikakaa, nikanyoosha na mikono kama nina kibodi mbele yangu, akaniangalia kama dakika nzima kimya.

"Mwanangu, hebu pumua."

"Si ndo napumua mama."

"Hapo hujapumua. Umepandisha mabega tu."

Nilijisikia kama nimeambiwa sijui kutembea. Ila alikuwa sahihi, na toka siku ile kiti, skrini, kibodi, kila kitu nakipanga kwa kuuliza swali moja: pumzi inafika kiunoni au inaishia kifuani? Ikiishia kifuani basi kuna kitu hakijakaa sawa, kama sio kiti ni mimi. Ndo ninachotaka kuwaelekeza hapa, maana maelekezo mengi ya kukaa vizuri yamejaa nyuzi na sentimita, sasa nani anakaa ofisini na rula, lakini pumzi unayo muda wote na haiombi chaji.

Shingo inaingiaje kwenye mambo ya kupumua

Msuli mkuu wa kupumua unaitwa kiwambo. Ni mpana, umekaa kama mwavuli chini ya mapafu, unatenganisha kifua na tumbo. Kingo zake zimejishika kwenye mbavu za chini na kwa nyuma umeshuka mpaka kwenye pingili za mwanzo za kiuno. Ukivuta hewa kiwambo kinashuka, kinasukuma vilivyomo tumboni, ndo maana tumbo na mbavu za chini zinatanuka. Kwahiyo huu msuli ni wa pumzi lakini hapohapo unasaidia kuushikilia mgongo kwa ndani, mshahara mmoja kazi mbili.

Sasa ukikaa umejikunja kama jongoo, mbavu zinakalia tumbo, kiwambo kinakosa pa kushukia. Hewa lazima iingie, kwahiyo mwili unaita vibarua: ile misuli ya pembeni mwa shingo inayotoka kwenye pingili za shingo na kujishika kwenye ubavu wa kwanza na wa pili, inaanza kunyanyua kifua kwa juu. Hao vibarua kazi yao ni ya dharura, umekimbia, umepanda ngazi, sio kutwa nzima. Piga hesabu, mtu mzima akiwa ametulia anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, chukua 15 tu, kwa saa moja ni 900, kwa saa 8 za kazi ni 7,200. Shingo imenyanyua mbavu mara 7,200 toka asubuhi halafu jioni unashangaa inauma!

Juu ya hapo weka kichwa, ambacho kina uzito wa kama kilo 5. Kikikaa juu ya mabega hamna neno, kikitangulia mbele ndo misuli ya kisogo inakibeba kama ndoo iliyoinama. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta akapata kwamba ukiinamisha kichwa nyuzi 60, vile tunavyochungulia simu, mzigo kwenye shingo unafika kama kilo 27. Ni hesabu ya kompyuta, hamna mtu aliyewekewa mzani shingoni, ichukue kama picha tu, ila mi picha hiyo ilinitosha kuanza kunyanyua simu.

Na kuna hili la kubana pumzi bila kujua. Linda Stone, aliyewahi kufanya kazi Apple na Microsoft, mwaka 2008 aliandika kwamba alijigundua kila akifungua barua pepe anaacha kupumua, alafu akawachunguza wengine akakuta na wao wapo hivyohivyo. Nilibisha mpaka nilipojivizia mwenyewe. Meseji ya bosi imeingia, "naomba tuongee kidogo", akaanza kuandika nyingine, zile nukta tatu zinacheza, na mi huku mabega yako masikioni, tumbo limeingia ndani, hewa imesimama kabisa. Sekunde chache tu, sawa, ila kwa siku zinatokea mara ngapi?

Kabla hujaendelea kusoma jipime. Kaa hivyohivyo ulivyo, usijirekebishe, najua umeshaanza kujinyoosha, rudi. Mkono mmoja weka juu ya kifua chini kidogo ya shingo, mwingine weka ubavuni juu ya kiuno, dole gumba likiwa nyuma na vidole vingine mbele. Pumua kawaida mara tano. Kama mkono wa juu ndo unapanda na kushuka na wa ubavuni umelala tu, shingo yako inafanya kazi isiyo yake. Kama wa ubavuni unasukumwa nje, mbele na nyuma kidogo, uko vizuri na huenda shida yako ni kukaa muda mrefu tu.

Panga kuanzia chini, sio kuanzia skrini

Watu wengi wakisikia habari za kukaa vizuri wanakimbilia kunyanyua skrini. Mi nasema hiyo ni ya mwisho, kwasababu skrini inafuata macho, macho yanafuata kichwa, na kichwa kinakaa pale nyonga zilipoamua.

Anza na makalio. Kaa kwenye kiti, ingiza viganja chini ya makalio vikitazama juu, utasikia mifupa miwili migumu inakandamiza vidole. Hiyo ndo miguu halisi ya mwili uliokaa. Jisogeze nyonga mbele alafu nyuma taratibu, utasikia unapoenda nyuma mifupa inapotea na unakalia mkia, ukienda mbele sana kiuno kinabonyea kwa ndani. Tafuta katikati, mahali mifupa imechimba moja kwa moja chini, toa mikono, hapo ndo nyumbani. Kila ukipotea wakati wa kazi unarudi hapo, haikuchukui sekunde tatu.

Urefu wa kiti: nyayo zote mbili ziguse chini, mapaja yawe yamelala au magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Sasa hapa kuna mtego ambao wengi unawashinda. Meza nyingi ni ndefu, ukishusha kiti ili miguu ifike chini, meza inakuwa imepanda na wewe unaandika mabega yakiwa juu kutwa nzima. Kati ya miguu na mabega, wahi mabega, yaani pandisha kiti mpaka viwiko vilingane na meza alafu miguu itafutie kitu cha kukanyaga, boksi gumu, rundo la vitabu vya zamani, chochote kisichoteleza. Kina cha kiti nacho kiangalie, ukiegemea nyuma kabisa, kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu, visipopita kiti ni kirefu kwako na utajikuta unakaa kwenye ncha, basi weka mto nyuma ya mgongo usogee mbele.

Kiuno kitafutie egemeo. Huhitaji kiti cha bei mbaya, taulo tu, lizungushe liwe kama mkate mrefu, lifunge na mpira lisifunguke, liweke juu kidogo ya mkanda wa suruali pale kiuno kinapoingia ndani. Likiwa nene sana utahisi unasukumwa kutoka kwenye kiti, punguza.

Na kwa kuwa nimetaja mkanda, ulegeze. Hamna anayeandika hili kwenye maelekezo ya ofisini lakini mkanda uliokaza na kiuno cha nguo kinachobana vinazuia tumbo kutanuka, hata ungekaa kwenye kiti cha enzi. Pamoja na ile tabia ya kuvuta tumbo ndani ili lisionekane. Uko nyuma ya meza ndugu yangu, nani anakuona, liachie.

Sasa rudisha mkono ubavuni upime tena. Pumzi ikifika, kiti kimekubali. Isipofika, sababu ni moja kati ya mbili, ama bado umejikunja, ama umejinyoosha kupita kiasi. Hii ya pili ndo inawaangusha wenye bidii. Mtu kaambiwa kaa wima, anakaa kama askari wa gwaride, kifua mbele, mbavu zimechomoza, misuli ya mgongo imekakamaa kama ubao, anapumulia mbele tu na nyuma hakusogei kitu, alafu baada ya dakika kumi anachoka anaanguka kwenye ujongoo wake wa siku zote na anajilaumu hana nidhamu. Sio nidhamu bwana, ule mkao hauwezekani.

Hata wataalamu wenyewe hapa walisumbuana. Alf Nachemson wa Sweden alichoma sindano za kupima mgandamizo kwenye diski za mgongo za watu, yale matandiko laini yaliyo kati ya pingili, akakuta ukikaa mgandamizo unazidi ule wa kusimama, na kwa miaka watu wakaambiwa kukaa ni mbaya na kukaa umejilegeza ni mbaya zaidi. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake kule Ujerumani wakamwekea mtu mmoja kipimo ndani ya diski, wakakuta akijiachia kwenye kiti ameegemea, mgandamizo unashuka hata chini ya ule wa kusimama. Alafu 2006 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, wakawapiga watu picha za MRI wakiwa wamekaa, wakasema kuegemea nyuma nyuzi 135 hivi ndo kunausumbua mgongo kidogo kuliko kukaa wima kwa nyuzi 90. Sasa nyuzi 135 utaandikaje, kibodi itabidi iwe darini. Mi ninachochukua hapo ni kwamba kile kiwima cha gwaride hakina utakatifu wowote, egemea, kiti kina mgongo kwasababu hiyo, legeza egemeo lirudi nyuma kidogo, ukisoma egemea zaidi, ukiandika sogea, badilisha badilisha.

Mikono, mausi na ugomvi na laptopu

Viwiko viwe karibu na mbavu, vimekunjwa kama herufi L au L iliyofunguka kidogo. Mikono ya kiti kama ipo ishuke mpaka mabega yasinyanyuliwe, ikishindikana kushuka ing'oe, nyingi zimefungwa kwa skrubu tu. Kibodi ina vile viguu viwili nyuma, vikunje. Najua vinaonekana vimewekwa ili visimamishwe lakini vikisimama vifundo vya mikono vinapinda kwenda juu, na vifundo vinatakiwa vinyooke, mkono na kiganja viwe mstari mmoja. Ukimaliza kuandika ndo unapumzisha viganja, sio unaviegemeza huku vidole vinaendelea kukimbia.

Mausi ikae jirani na kibodi. Kibodi kubwa yenye namba kulia inaisukuma mausi mbali, mkono unakaa umenyooka pembeni kutwa, bega la kulia linauma na mtu anadhani amelalia vibaya. Kama hutumii hizo namba tafuta kibodi fupi, au jifunze mausi ya kushoto. Na uishike kama umeshika kifaranga, sio kama umekamata mwizi. Zaidi ya miaka 300 iliyopita daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alishaandika juu ya makarani wanaoumia kwa kukaa na kurudia mwendo uleule wa mkono, na alimtaja mwandishi wa hati mmoja ambaye mkono wa kulia ulichoka mpaka ukapooza, akajifunza kuandika na wa kushoto, nao baada ya muda ukapata ugonjwa uleule. Hakukuwa na mausi wala skrini enzi hizo.

Skrini sasa. Ukingo wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo, umbali kama urefu wa mkono ulionyooka. Wenye miwani ya kusomea yenye sehemu mbili washushe zaidi, la sivyo watakaa wamenyanyua kidevu kutafuta sehemu ya chini ya kioo. Na kabla hujalaumu mkao, kuza maandishi, watu wengi shingo zao zinatangulia mbele kwasababu herufi ni ndogo tu, asilimia 125 au 150 haikupunguzii heshima.

Laptopu ni tatizo la kuzaliwa. Skrini na kibodi vimeshikana, ukiweka kibodi pazuri skrini iko chini, ukiweka skrini pazuri unaandika kama unapiga piano ya ukutani. Dawa ni kuinyanyua juu ya vitabu na kutafuta kibodi na mausi za pembeni. Huna? Basi gawanya kazi, ukisoma au ukiwa kwenye kikao nyanyua, ukiandika shusha, hapo kwenye kuandika usikae zaidi ya dakika 20 hujanyanyuka. Simu kuibana kati ya sikio na bega nakataza kabisa, sina maelezo zaidi.

Macho yanaingia humu pia maana yakichoka kichwa kinasogea mbele chenyewe. Kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, na upepese, tukikodolea skrini tunapepesa mara chache kuliko kawaida, ndo ule mchanga unaousikia jioni.

Pumzi tatu, ukijua hizi inatosha

Ya kwanza ni ya kiunoni, na ndo nimeirudia kuliko zote. Mikono ubavuni vilevile, dole gumba nyuma. Mdomo fumba, vuta kwa pua polepole, usivute kwa nguvu, waza tu kwamba unajaza mpira uliozunguka kiuno kizima mpaka dole gumba la nyuma lisukumwe. Watu wanaambiwa pumua kwa tumbo wanatoa tumbo nje kama wamekula, hapana, inatanuka mbele, pembeni na nyuma. Alafu achia, usisukume, iache itoke yenyewe mpaka mwisho, subiri kidogo, na ile inayofuata itakuja bila kuitwa. Kama mabega bado yanapanda, shika chini ya kiti kwa mikono yote miwili uvute kidogo, yatakosa ujanja. Au lala chali magoti yamekunjwa, hapo karibu kila mtu inakubali, ukishaijua ukilala unaihamishia kwenye kiti. Mi ilinichukua wiki moja na zaidi kuhisi chochote nyuma, msikate tamaa siku ya kwanza.

Ya pili, ndani hesabu 4, nje hesabu 6. Hiyo inakupa pumzi 6 kwa dakika. Utoaji mrefu ndo una siri, mapigo ya moyo huwa yanapungua kasi ukitoa hewa na yanaongezeka ukivuta, kwahiyo ukirefusha kutoa unauambia mwili hamna hatari hapa, na misuli iliyokuwa imekaza kwa hofu ya kazi inalegea. Dakika tatu hadi tano, kabla ya kikao kigumu au baada ya ile meseji.

Ya tatu ni ya haraka. Vuta kwa pua, ukishajaa ongeza mvuto mwingine mdogo juu yake, alafu toa yote kwa mdomo taratibu kama unapoza chai. Mara mbili tatu tu. Watoto wakilia sana ukiwaangalia ndo wanavyofanya wakianza kunyamaza. Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utafiti mwaka 2023, watu walifanya pumzi ya namna hii dakika 5 kwa siku kwa mwezi mmoja na hisia zao zikawa nzuri zaidi.

Ukisikia kizunguzungu au vidole vinachomachoma umevuta hewa nyingi kupita mahitaji, acha, pumua kawaida. Wenye pumu, moyo, presha au wajawazito waongee na daktari wao kwanza na wasijaribu kubana pumzi muda mrefu. Pumzi hizi ziwe ndogo na laini, hata aliyekaa jirani yako asisikie kitu.

Viungo sasa, na sheria ni moja: nguvu kwenye kutoa hewa

Kidevu. Hili usipofanya mengine fanya hili. Kaa nyumbani, juu ya ile mifupa miwili. Angalia mbele, weka kidole kimoja kwenye kidevu. Vuta hewa. Unapotoa, rudisha kichwa nyuma kwa usawa kama droo inayofungwa, kidole kibaki hewani mahali pake. Usiinamishe, usinyanyue pua, kichwa kiteleze tu. Utaonekana una videvu viwili, sura mbaya sana, kama unamkwepa mtu anayetaka kukubusu, ukiona hivyo jua umepatia. Chini ya kisogo utasikia mvuto mtamu. Kaa hapo mpaka hewa iishe, achia, rudia mara 8. Mi nilikuwa nafanya kwa nguvu mwanzoni nikaamka na maumivu zaidi, mama akanicheka, akaniambia nusu ya nguvu ulizonazo inatosha.

Mifupa bapa ya nyuma ya mabega: toa hewa huku unaivuta ikaribiane na kushuka, kama unaitia mifuko ya nyuma ya suruali, mara 10.

Mgongo wa juu: kaa, kumbatia mabega yako kwa mikono kiulalo, toa hewa ukigeuka kulia, baki hapo, vuta hewa moja iende ubavu wa kushoto, ukitoa tena utakuta unageuka zaidi bila kulazimisha. Upande wa pili hivyohivyo. Hapa ndo utaelewa kwanini nang'ang'ania pumzi, ile sentimita ya ziada mikono haikupi.

Nyonga: simama, mguu mmoja nyuma, kaza kalio la mguu wa nyuma alafu kunja mkia ndani kama mbwa anayeogopa. Mvuto uusikie mbele ya nyonga. Kuna msuli mnene pale unaotoka kwenye pingili za kiuno kwenda kwenye paja, ukikaa kutwa unakaa umefupishwa, ukisimama unavuta kiuno. Pumzi tano kila upande. Watu wengi wanabong'oa kiuno badala ya kukunja mkia, hapo hujafanya kitu.

Vifundo vya mikono vinyooshe juu na chini, pumzi tatu tatu, na ukiwa umekaa nyanyua visigino na kushusha mara 20 damu ya miguuni ipande. Basi.

Yote haya hayachukui dakika 6, ila usiyarundike yote jioni. Diski za mgongo kwa mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu, zinapata chakula kwa kunywa majimaji yanayozizunguka, na kubanwa na kuachiwa ndo kunasaidia majimaji yazunguke, kwahiyo mwili uliotulia kwa saa nne, hata kwenye mkao wa kitabuni, unazinyima. Kila nusu saa nyanyuka hata dakika moja. Alamu mi zilinishinda, nilikuwa nazizima tu, nikahamia kwenye vichocheo: nikituma kazi nanyanyuka, simu ikiita napokea nimesimama, glasi ya maji naweka ndogo makusudi ili niifuate mara nyingi. Meza za kusimamia ni nzuri kama unabadilishana, ukisimama saa 8 umehamisha tu matatizo kutoka kiunoni kwenda miguuni.

Wakati wa kuacha mazoezi ukaenda hospitali

Maumivu ya kiuno ni ya wengi, Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo, na mara nyingi sio ya hatari. Lakini ganzi sehemu za siri au eneo linalogusa tandiko la baiskeli, kushindwa kuzuia mkojo au choo au mkojo kugoma kutoka, au miguu kuishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Maumivu pamoja na homa, kupungua uzito bila sababu, yanayokuamsha usiku, au yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali, nenda. Kifua kinabana na maumivu yanaenda mkononi au kwenye taya, hapo achana na habari ya mkao kabisa, kimbia. Ganzi ya dole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku ukikung'uta mkono nayo ipeleke mapema, mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo na ukichelewa misuli ya chini ya dole gumba inaanza kusinyaa.

Kwangu, wiki mbili za kwanza sikuona kitu zaidi ya kuonekana kichaa ofisini na kidevu changu. Wiki ya tatu ile kamba ya nyuma ya sikio ikaanza kulegea mida ya mchana, jioni inarudi. Nadhani ilikuwa wiki ya sita, niko katikati ya kazi, mtu akaniita kwa nyuma kuuliza kitu, nikamjibu, akaondoka. Ndo nikashtuka kwamba niligeuza shingo peke yake, kiti kimebaki kinatazama mbele.